Dramu, Diski na Mteremko wa Mai Mahiu

Mwishoni mwa Mei 1953, magari yalitawanyika kwenye barabara za vumbi na matope za Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalikuwa mashindano mapya yaliyoitwa Coronation Safari, ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Jina linalotangulia kwenye orodha ya washindi wa Safari hadi leo ni la Alan Dix, na gari lake lilikuwa Volkswagen, hii tunayoiita Beetle. Wiki mbili baadaye, kule Le Mans, Ufaransa, Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda mbio za saa 24 kwa Jaguar C-Type, wakawa wa kwanza kushinda mbio hizo kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa. Lile Beetle lilisimamishwa na breki za dramu. Jaguar ilikuwa na diski kwenye magurudumu yote manne.

Nimekaa na tarehe hizo mbili kwa muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu anayelipwa kwa idadi ya maneno. Historia ya breki huwa inasimuliwa kama historia ya uvumbuzi: fulani akagundua, dunia ikapata. Ukiisoma polepole unaona habari nyingine kabisa, habari ya nani alipata mapema, nani aliambiwa angoje, na angoje mpaka lini. Na sisi tunaonunua vya mtumba tunakujua kungoja.

Kwanza tuelewane kuhusu vyuma vyenyewe. Breki ya dramu ni kama sufuria iliyolazwa ubavu, inazunguka na gurudumu. Ndani yake kuna viatu viwili vyenye umbo la mwezi mchanga, vimevikwa lini. Ukikanyaga, viatu vinatanuka na kuusugua ukuta wa sufuria kwa ndani. Breki ya diski ni sahani inayozunguka peupe, na kalipa inaibana kwa pedi kutoka pande mbili, jinsi unavyobana chapati moto kwa vidole ili usiungue. Tofauti hiyo ndogo, kusugua ndani ya sufuria au kubana sahani iliyo hewani, ndiyo imebeba mambo yote yanayofuata.

Diski si kitu kipya. Frederick Lanchester wa Birmingham alisajili hataza yake mwaka 1902, mwaka uleule ambao Louis Renault wa Ufaransa anatajwa kwa breki ya dramu. Lanchester alitumia shaba kama pedi, na ile shaba ikisugua chuma ilipiga kelele ya kutia meno ganzi. Dramu ikashinda. Ilikuwa rahisi kutengeneza, ilifunika vumbi, na ilikuwa na ujanja mmoja ambao hata leo naupenda: kiatu cha mbele, kikishagusa ukuta, kinavutwa na mzunguko wenyewe kijikandamize zaidi. Gari linajisaidia kusimama. Mguu hauhitaji nguvu nyingi, na wakati huo hakukuwa na busta ya kusaidia mguu wa mtu yeyote.

Kisha akaja Mwingereza Herbert Frood, ambaye miaka michache baadaye alianza kutumia asbesto kwenye lini. Kampuni yake iliitwa Ferodo, na ukiangalia vizuri utaona jina la ukoo limejificha humo ndani. Asbesto ilivumilia joto kuliko chochote kilichokuwepo, na pia iliua watu kupitia mapafu, ingawa hilo lilichukua miongo mingi kukubalika. Nitairudia asbesto, kwa sababu bado iko kwenye gereji zetu.

Diski ilirudi kupitia ndege. Wakati wa Vita vya Pili, ndege nzito zilihitaji kusimama kwenye viwanja vifupi, na kampuni kama Dunlop zikajifunza jinsi ya kubana sahani bila ile kelele ya Lanchester. Baada ya vita elimu hiyo ikashuka barabarani, na ilishukia kwa wenye pesa kwanza. Jaguar ya Le Mans mwaka 1953. Citroën DS mwaka 1955, diski mbele. Triumph TR3 mwaka 1956. Magari ya kujionyesha nayo.

Sasa tazama Volkswagen, gari la wananchi. Beetle la bei ya chini kabisa, lile la Standard, lilivuta breki kwa nyaya, kama baiskeli, hadi 1962. Mwaka 1962! Mwaka huohuo Tommy Fjastad alishinda Safari kwa Beetle. Diski za mbele zilikuja Agosti 1966, lakini kwa Beetle 1500 na kwa dada yake mrembo Karmann Ghia. Ukinunua 1200 au 1300, endelea na dramu. Marekani, soko lao kubwa kuliko yote ya nje, haikupata Beetle yenye diski hata siku moja. Kwa upande wa Peugeot, ambao barabara zetu ziliwapenda hata zaidi, 404 ilizaliwa mwaka 1960 na dramu pande zote. 504 ya saloon ikaja mwaka 1968 na diski nne.

Sitaki kuwaonea wahandisi wa Wolfsburg. Beetle ni jepesi, injini iko nyuma, na halikujengwa kukimbia. Dramu zikiwa zimerekebishwa sawasawa zinalisimamisha vizuri tu. Lakini neno la kushika hapo ni "zikiwa zimerekebishwa." Dramu za Beetle hazijirekebishi. Lini ikiliwa, kiatu kinakaa mbali zaidi na ukuta, na lazima mtu apige magoti, apitishe bisibisi kwenye tundu dogo, azungushe nyota moja baada ya nyingine, gurudumu moja baada ya jingine. Katalogi ya 1300 ilidhani kuna huyo mtu. Miaka hamsini baadaye, gari liko mkono wa nne au wa tano, huyo mtu ni nani?

Kwetu ni mjomba wangu. Ana miaka 71, mwalimu mstaafu, anaishi Naivasha, na Beetle lake ni 1300 la 1970. Kila mwezi hupanda Nairobi kliniki, kisha hurudi nyumbani kwa kushuka Mai Mahiu. Ile barabara ya ukingo ilijengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano miaka ya arobaini, na kanisa lao dogo bado liko kando ya barabara, dogo kiasi kwamba ukipepesa macho umelipita. Waliijenga wakati malori yalikuwa machache na madogo. Leo unashuka ukiwa katikati ya trela mbili, moja mbele inanuka breki, nyingine nyuma inakupigia honi.

Nilisoma uhandisi wa mitambo miaka miwili kabla karo haijanishinda, na kitu kimoja nilichotoka nacho ni hesabu hii. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto, kisha kulitupa hilo joto. Chukua gari la kilo 900 pamoja na abiria, lishushe mita 500 za kwenda chini. Nishati inayotoka hapo ni karibu jouli milioni 4.4. Inatosha kuchemsha lita 13 za maji baridi, yaani zaidi ya nusu debe la chai. Injini ikiwa kwenye gia ya chini itameza sehemu yake na upepo utameza sehemu yake. Inayobaki yote inaingia kwenye zile sufuria nne, na joto la ndani ya sufuria iliyofunikwa halina pa kwenda. Dramu ikipata moto inatanuka, inakimbia mbali na viatu. Lini ikipata moto inateleza kama imepakwa sabuni. Diski nayo inapata moto, lakini iko hewani, na ikitanuka inasogea kuelekea pedi.

Mjomba alielewa fizikia hiyo yote ndani ya kona mbili. "Pedo iliingia chini kama nimekanyaga uji," aliniambia kwa simu. "Nikarudisha gia ya pili, nikavuta hendibreki, nikaanza kusali."

"Na trela ya nyuma?"

"Hiyo ndiyo nilikuwa naiombea."

Aliliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo, upande wa mlima, likasimama. Bawa moja lilijikunja. Kwenye grupu ya familia ya WhatsApp, shangazi na binamu walikuwa wameshaamua kabla jioni haijaingia: gari liuzwe. Mjomba akaandika sentensi moja tu. Nikiuza nitakuwa mtu wa kubebwa. Kisha akanipigia mimi, kwa sababu kwenye familia yetu ile miaka miwili bado inahesabiwa. "Wewe ndiye injinia wetu," alisema, na sidhani alikuwa ananicheka.

Ukitaka diski kwenye Beetle lililozaliwa na dramu, njia ya wenye nazo ni kuagiza kiti kamili kutoka nje: diski, kalipa, pedi, na vishikizo vinavyofungwa pale palipofungwa bamba la dramu. Kazi safi. Nilipopiga hesabu ya bei, usafiri na ushuru, ilikuwa sawa na kodi yangu ya miezi mitano.

Njia ya pili niliipewa Nairobi, kwenye vichochoro vya nyuma ya Kirinyaga Road, ambako wazee bado wanasema Grogan. Kijana wa rika langu, mikono yenye akili kunishinda, aliniambia tulete kalipa za Corolla kutoka rundo la mtumba, achomelee kishikizo kwenye mkono wa gurudumu, tukereze diski ienee. "Itashika mpaka utoboe kioo," alisema. Ninamwamini kwamba ingeshika. Tatizo ni ile welding. Ukikanyaga breki kwa nguvu, gurudumu linataka kuendelea na kalipa inataka lisiendelee, na ugomvi huo wote unapita kwenye kile kishikizo. Chuma kile cha mbele kilifuliwa kiwandani kwa joto lililopimwa, na ukikichomelea unabadilisha ugumu wake mahali ambapo jicho halioni. Ufa hauanzi siku ya kwanza. Unaanza siku nyingine, na unajua hiyo siku nyingine itakuwa kwenye barabara gani. Mimi ni mtetezi wa jua kali kwa karibu kila kitu, kuanzia jiko mpaka geti. Hapo nilisema hapana.

Njia ya tatu ilitokana na historia yenyewe. Kama Volkswagen waliweka diski kwenye 1500 kuanzia Agosti 1966, basi mahali fulani kuna 1500 iliyokufa ikiwa na mikono ya mbele ya kiwandani, yenye masikio ya kufungia kalipa, inayoingia kwenye ekseli ya 1300 ya miaka ileile bila kuchomelea chochote. Fundi wa mjomba pale Naivasha, mzee aliyeanza kazi wakati magari hayo yalikuwa mapya, alicheka nilipomweleza kama vile nimegundua Amerika.

"Kijana, iko moja Nakuru. Kuku wanalala ndani."

Kweli walikuwa wanalala ndani. Tulinunua sehemu yote ya mbele kwa bei isiyofika kodi yangu ya miezi miwili, na mama mwenye boma akatuongezea mayai. Kutu ilikuwa nyingi, lakini mikono ilikuwa mizima. Diski moja ilikuwa imeliwa kupita kipimo, na diski hazinunuliwi mojamoja, la sivyo gari litavuta upande. Tukanunua mbili mpya. Kalipa tulizifungua, fundi akasafisha pistoni, tukaweka mipira mipya ya ndani. Pedi mpya, mipira ya breki mipya, beringi mpya. Kama kuna ushauri nitakaompa mtu anayetaka kufanya jambo hili kwa bei nafuu, ni huu: okoa pesa kwenye chuma, usiokoe kwenye mpira. Chuma cha mwaka 1968 kinaweza kuwa kizima. Mpira wa mwaka 1968 hauwezi.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hukiruka, nacho ni masta. Viatu vya dramu vina springi zinazovirudisha ndani, kwa hiyo mstari wake huachiwa presha kidogo na vali ndogo ili pedo isiwe na safari ndefu. Diski haina springi hizo. Ukiacha vali ile kwenye mstari wa diski, pedi hazitaachia, zitasugua polepole njia nzima mpaka zichemke, na utakuwa umelipa pesa zako kuurudisha ugonjwa uleule. Tuliweka masta inayofaa diski mbele na dramu nyuma. Nyuma tuliacha dramu kwa makusudi. Hendibreki inafanya kazi huko, na gari likifunga breki uzito unakimbilia mbele, kwa hiyo diski zina maana zaidi mbele. Busta hatukuweka. Hata kiwandani Beetle 1500 haikuwa nayo. Mguu unakanyaga kwa nguvu kidogo zaidi, na mjomba alisema mguu wake bado una nguvu ya kumpiga teke mtu yeyote kwenye ile grupu.

Siku ya kufungua dramu za zamani, fundi aliinama kupuliza vumbi kwa mdomo, kama alivyofanya maisha yake yote. Nilimwomba asubiri. Nikaleta maji na sabuni, nikalowesha kila kitu kwanza. Lini za magari ya zamani huenda zina asbesto, na hakuna anayeweza kuijua kwa macho. Alinitazama kwa muda. "Mzee wangu alikohoa miaka tisa," alisema, "tukidhani ni sigara." Kisha akachukua brashi akaendelea na maji yangu, na hatukulizungumzia tena.

Ndani ya zile dramu tulikuta ushahidi wote. Lini zimeng'aa kama kioo. Nyota za kurekebishia zimeganda kwa kutu, hazijazungushwa miaka. Mafuta ya breki meusi kama kahawa, na mafuta hayo hunywa maji ya hewani mwaka baada ya mwaka, kisha maji yakichemka yanatoa mvuke na pedo inazama. Fundi aliniambia ukweli bila kuzunguka: angepewa siku moja na lini mpya, angezirudisha dramu zilezile zikashuka Mai Mahiu bila shida. Nadhani ni kweli. Wengi wanaotaka diski wanachohitaji ni mtu wa kupiga magoti na bisibisi. Lakini mwenye gari ana miaka 71 na magoti yake hayapigiki tena, mimi niko Nairobi, na fundi mwenyewe ana miaka yake. Diski za mbele zinajirekebisha zenyewe pedi zikiliwa. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa hoja, kuliko hata joto.

Serikali yetu imewahi kujali usalama barabarani kwa kishindo. Februari 2004 sheria za Waziri John Michuki zilianza kazi kwa matatu: mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni. Zilibadilisha mambo, na waliokuwepo wanasema kwa wiki kadhaa nchi nzima ilitembea kwa miguu. Ila mkanda unaonekana dirishani, na mstari wa manjano unaonekana ukiwa ng'ambo ya barabara. Lini iliyong'aa ndani ya dramu haionekani na polisi yeyote aliyesimama kando ya barabara.

Kutoa hewa kulituchukua alasiri nzima. Unaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta, na mtu mmoja anakaa ndani. Mjomba alikataa mtu mwingine akanyage. "Kanyaga!" fundi anaita kutoka chini. "Nimekanyaga!" "Shika!" "Nimeshika!" "Achia, Mwalimu!" Majirani walisimama kwenye ua kutazama. Kisha tukaenda barabara ya tambarare kuzoesha pedi: unaenda mwendo wa wastani, unapunguza bila kusimama kabisa, unaacha zipoe, unarudia, mara ishirini hivi. Mara ya kwanza nilipokanyaga kwa nguvu nilishtuka jinsi gari lilivyosimama, nikaangalia kioo cha nyuma kabla ya kuangalia mbele.

Hilo la kioo limenikaa. Juni 1955, kule Le Mans, Jaguar ya Mike Hawthorn yenye diski ilipunguza mwendo kuingia kwenye sehemu ya mafuta, gari lililokuwa nyuma yake likakwepa, na Mercedes ya Pierre Levegh, ya dramu, ikaligonga na kuruka kwenye watazamaji. Watu zaidi ya 80 walikufa. Wanahistoria bado wanabishana kosa lilikuwa la nani, na breki zimo kwenye ubishi huo. Nilimweleza mjomba habari hiyo siku nilipomrudishia funguo: kwamba sasa atasimama mapema kuliko trela iliyo nyuma yake, na dereva wa trela hajui.

"Kwa hiyo umenitengenezea breki ili nisizitumie," akasema.

"Uzitumie kidogo kidogo, Mjomba. Na gia ya pili uiweke palepale juu, kabla ya mteremko."

Amekwenda kliniki mara tatu tangu wakati huo. Shangazi bado hajafurahi. Dramu mbili za zamani alizipaka grisi, akazifunga kwenye gunia la mahindi, akazisukuma chini ya kitanda, kwa sababu anasema mnunuzi wa maana siku moja atauliza vyuma vya kiwandani viko wapi. Lini za nyuma zitahitaji kurekebishwa Desemba. Nimeshamwambia fundi, na bisibisi nitaibeba mwenyewe.